Jinsi ya kuwafuata Wajapani wa badmintoni ukiwa Mombasa bila kukesha bure

Tuanze na saa, maana saa ndio inawatoa watu wengi njiani. Mtu anaona klipu ya Akane Yamaguchi, dada wa Japani, amejitupa mbele akaokoa kinyoya yuko tumbo chini, anasema basi mimi hawa nawashabikia kuanzia leo, alafu anakuja kutafuta mechi saa mbili usiku akitoka kazini anakuta ishaisha tangu asubuhi na matokeo yametapakaa kila pahali. Wiki ya pili utamuona karudi kwa Arsenal yake.

Sasa sikiza. Japani wako mbele yetu masaa sita kamili, na saa ya Kiswahili nayo iko nyuma ya ile ya kizungu kwa masaa sita hayo hayo, kwa hivyo ratiba ikiandikwa kwa saa ya Tokyo wewe isome tu vile ilivyo kama ni saa yetu. Tusichanganyane, nikisema saa ya kwao namaanisha ile tarakimu unayoiona kwenye ratiba. Ratiba ikisema 3:00 mchana Tokyo, hapa ni saa tatu asubuhi. Ikisema 12:00 mchana, hapa ni saa kumi na mbili alfajiri ya jua kuchomoza. Ikisema 10:00 asubuhi, hapa ni saa kumi usiku, adhana ya alfajiri bado haijalia. Tarakimu haibadiliki hata moja, kinachobadilika ni kuwa kwao jua liko juu na kwetu bado ni alfajiri ama asubuhi. Hakuna haja ya apu.

Mashindano ya China na Malaysia ongeza moja, kwa sababu wao wako mbele yetu masaa matano: ratiba ikisema 1:00 mchana Kuala Lumpur, hapa ni saa mbili asubuhi. Jakarta na Bangkok ongeza mbili. India ndio wana ile nusu saa yao, ongeza tatu na nusu. Birmingham mwezi wa tatu, wakati wa All England, wao ndio wako nyuma yetu kwa masaa matatu, na Denmark mwezi wa kumi wako nyuma saa moja tu, kwa hivyo mashindano ya Ulaya ndio raha ya mtu anayefanya kazi mchana, unarudi nyumbani, unaoga, unakula, mechi bado zinaendelea mpaka usiku.

Mashindano mengi makubwa yanaanza Jumanne na kuisha Jumapili. Raundi ya kwanza inagawanywa Jumanne na Jumatano, Alhamisi raundi ya pili, Ijumaa robo, Jumamosi nusu, Jumapili fainali. Mtu akianza na droo ya watu 32, yaani mpango wa nani anakutana na nani, anahitaji kushinda mechi tano kubeba kombe. Ushauri wangu, kama una kazi, Jumanne na Jumatano soma matokeo tu, weka nguvu zako Ijumaa kuendelea. Ila Mjapani unayempenda akipangwa na mtu mgumu raundi ya kwanza hapo hauna budi, na hilo utalijua mapema ukisoma droo, nakuja huko.

Ratiba ya siku inakuwa na uwanja wa kwanza, wa pili, wa tatu, pengine na wa nne. Mechi ya kwanza ya kila uwanja ndio yenye saa ya uhakika. Zinazofuata zimeandikwa tu kuwa zitaanza iliyotangulia ikiisha. Hapa ndio watu wanalala na simu mkononi. We fanya hesabu: mechi ya dabo ya wanaume, wawili kwa wawili, inaweza kwisha kwa dakika arobaini, singo ya mmoja kwa mmoja kama hamsini, lakini ukiona kabla ya mechi yako kuna dabo ya wanawake na ndani yake kuna Wajapani dhidi ya Wachina au Wakorea, ongeza nusu saa nyingine kabisa na uende ukaoge. Hao wanaweza kurushiana kinyoya mpaka msimamizi wa mstari achoke. Mechi ya tano ya uwanja wa kwanza iliyoanza saa kumi usiku si rahisi iwe kabla ya saa kumi na mbili na nusu, kwa hivyo weka alamu ya saa kumi na mbili, ukiamka fungua kwanza matokeo laivu uone uwanja umefika wapi, alafu uamue kama ni chai kwanza ama ni mechi.

Pa kuonea: chaneli ya YouTube ya BWF, shirikisho la badmintoni la dunia, ile inaitwa BWF TV, ndio inaanzwa nayo, na ukikosa laivu kuna vipande vya mechi baadaye. Tovuti ya BWF ina matokeo yanayosonga pointi kwa pointi, na hii mi naipenda kuliko watu wanavyoidharau, kwa sababu haili bando na unaweza kuiangalia ukiwa kwenye matatu ya Bamburi au umesimama kwenye foleni ya feri Likoni. Namba zinasonga, 14-15, 15-15, 15-16, moyo unadunda vile vile. Kama ni vidio, weka 480 inatosha, kinyoya utakiona. Usiweke 1080 kwa bando ya wiki alafu uje kulia Ijumaa.

Na kama unapanga kuangalia marudio bila kujua matokeo, usiingie YouTube kupitia ukurasa wa mbele. Ile picha ya juu ya vidio inakuonyesha mshindi kapiga magoti, raha yote imekwisha. Tafuta jina la mashindano moja kwa moja, na funika chini ya skrini kwa kidole, mi sioni haya kusema hivyo.

DROO

Hii ndio kazi yenyewe ya shabiki, hayo mengine ni mapambo. Droo ikitoka, ifungue, piga skrinshoti. Nambari moja na nambari mbili wa orodha ya ubora wamewekwa ncha mbili, mmoja juu kabisa mwingine chini kabisa, ili wasikutane mpaka fainali. Wa tatu na wa nne wanapigiwa kura kuingia robo zile mbili za droo zilizobaki. Basi tafuta Mjapani wako yuko nusu gani, alafu fuata mstari kwa kidole: raundi ya kwanza nani, akishinda atakutana na nani, robo nani anamsubiri.

Chukua mfano wa Yamaguchi. Swali la kwanza kwa singo ya wanawake siku hizi ni moja tu, An Se-young wa Korea yuko nusu gani? Huyo dada ndio bingwa wa Olimpiki ya Paris 2024, na huko huko Paris ndiye aliyemtoa Yamaguchi robo fainali. Yamaguchi akiwa nusu nyingine, una sababu ya kulipia bando mpaka Jumapili. Akiwa nusu moja na An, jipange kwa Jumamosi, na ujue nusu fainali hiyo pengine ndio fainali yenyewe. Hivi ndivyo unavyojua bahati ya mtu kabla hajapiga hata pigo moja, na ndio maana nasema anayefungua mechi bila kuiona droo ni kama aliyepanda matatu bila kuuliza yaenda wapi.

Alafu angalia Wajapani wenyewe kwa wenyewe wamepangwa vipi. Wako wengi, kwa hivyo kukutana raundi ya pili au robo ni jambo la kawaida, na inauma kwa sababu unajua mmoja lazima aende nyumbani. Kwenye mashindano ya dunia 2018 na 2019 fainali ya dabo ya wanawake ilikuwa Japani kwa Japani miaka yote miwili, Mayu Matsumoto na Wakana Nagahara dhidi ya Yuki Fukushima na Sayaka Hirota, na mara zote mbili Matsumoto na Nagahara wakachukua. Fukushima na Hirota walikuwa washapoteza fainali ya 2017 kwa Wachina, kwa hivyo medali za fedha tatu mfululizo. Kama unataka timu ya kukufundisha subira anza na historia ya hao wawili.

Kuhusu orodha ya ubora wa dunia: inatoka kila Jumanne, na inahesabu matokeo kumi bora ya mtu ndani ya wiki 52. Mashindano yamepangwa kwa daraja, Super 1000, 750, 500, 300, na bingwa wa Super 1000 anapata pointi 12,000, wa 750 anapata 11,000, wa 500 ni 9,200, wa 300 ni 7,000. Kwa hivyo mtu akishinda Super 1000 mwaka jana mwezi wa tatu, mwaka huu mwezi wa tatu zile pointi zinamtoka, akitolewa mapema anaporomoka hata kama hajacheza vibaya wiki nyingi. Ukiona Mjapani wako kashuka nafasi tatu Jumanne usipige kelele, kwanza angalia mwaka jana wiki hiyo alifanya nini.

Lakini pia usiiamini orodha kama Kurani. Mfano mkubwa ni Kento Momota, na huyu lazima umjue hata kama hachezi tena timu ya taifa, kwa sababu mashabiki wa zamani wakianza kuongea hawamalizi dakika tano hawajamtaja. Kijana wa mkono wa kushoto, 2016 alifungiwa kwa sababu ya kamari ya kasino haramu akaikosa Rio. Akarudi. 2018 bingwa wa dunia, 2019 bingwa wa dunia tena, na mwaka huo wa 2019 akabeba makombe kumi na moja. Januari 2020 akashinda Malaysia Masters, usiku haujaisha vizuri anaelekea uwanja wa ndege, gari dogo walilopanda likagonga lori barabara kuu. Dereva akafa. Momota akaumia uso, mfupa wa karibu na jicho ukavunjika, akawa anaona vitu viwili viwili mpaka akafanyiwa upasuaji. Alafu ikaja korona, mashindano yakasimama, orodha nayo ikagandishwa. Kwa hivyo Olimpiki ya Tokyo ilipofanyika 2021 yeye kwenye karatasi bado ni nambari moja wa dunia, amepangwa juu kabisa ya droo, nchi nzima inamngoja. Akatolewa kwenye makundi na Heo Kwang-hee wa Korea. Waliokuwa wanasoma orodha walishtuka. Waliokuwa wanaangalia mechi zake za karibuni walikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Aliaga timu ya taifa 2024 baada ya Thomas Cup, kombe la timu za wanaume, na mi naona ni mmoja wa waliotendewa ukali sana na bahati kwenye mchezo huu.

Kwa hivyo fungua ukurasa wa mchezaji uangalie mechi zake tano za mwisho, na usiangalie ushindi peke yake, angalia alama. Anayeshinda 21-19 seti ya tatu kila raundi ya kwanza ana shida mahali. Na ukiona Ret. mbele ya matokeo ujue mtu kaacha mechi katikati, mara nyingi kaumia. W.O. maana yake hakuingia uwanjani kabisa. Hizo herufi ndogo ndio habari kubwa ya wiki ijayo.

MAJINA, NA WANAOACHANA

Wajapani wenyewe wanaanza na jina la ukoo, Yamaguchi Akane, huku BWF unaweza kuona Akane YAMAGUCHI, usidhani ni watu wawili. Nakili jina kwa mwandiko wao, 山口茜, lipachike kwenye utafutaji wa X, utaona habari na picha ambazo hazifiki kwa lugha nyingine, alafu bonyeza tafsiri, inatosha kuelewa kama ni goti ama ni mafua.

Dabo zao zina majina ya mkato, wanabandika vipande vya majina mawili. Fukushima na Hirota ni Fukuhiro. Nagahara na Matsumoto ni Nagamatsu. Nami Matsuyama na Chiharu Shida ndio walioitwa Shidamatsu, hao walishinda All England 2022 na shaba ya Paris 2024, na Shida China wanamfuata kama msanii. Yuta Watanabe na Arisa Higashino ni Watagashi, shaba ya Tokyo, shaba ya Paris, All England mara tatu, na shaba yao ya Tokyo ndio ilikuwa medali pekee ya Japani kwa badmintoni Olimpiki ile ya nyumbani kwao. Kabla ya wote kulikuwa na Takamatsu, Ayaka Takahashi na Misaki Matsutomo, dhahabu ya Rio 2016.

Sasa ujue hawa wanaachana, na sanasana wanaachana baada ya Olimpiki. Baada ya Paris Nagamatsu ilivunjika, Fukuhiro ikavunjika, Fukushima akaenda na Matsumoto, yaani wale waliokuwa wanapigana kwenye fainali zile mbili sasa wamesimama upande mmoja wa wavu, nani angedhani. Watagashi nao wakaachana, Watanabe akachukua mshirika mpya, Maya Taguchi, na Higashino akaolewa, kwenye droo anaitwa Igarashi. Ukimtafuta kwa jina la zamani utasema kastaafu. Dabo mpya inaanza chini kwenye orodha hata kama wote wawili ni mabingwa, ndio unaona majina makubwa yanapambana na vigogo raundi ya kwanza. Usiwakatie tamaa mwaka wa kwanza.

Hata kocha aliondoka. Park Joo-bong, Mkorea, bingwa wa Olimpiki wa 1992 kwa dabo ya wanaume, alichukua timu ya Japani 2004 wakati hakuna aliyekuwa anaihesabu. Chini yake ndio ikaja medali yao ya kwanza ya Olimpiki London 2012, fedha ya Mizuki Fujii na Reika Kakiiwa, Thomas Cup 2014, dhahabu ya Rio, Uber Cup ya timu za wanawake 2018. Alikaa miaka ishirini, 2025 akarudi kwao Korea. Kwa hivyo Japani unayoifuata sasa ni nyumba iliyobadilishwa paa na milango, na mwenye kuizoea upya lazima awe mpole.

UANGALIE NINI MECHI IKIANZA

Kanuni iliyotumika tangu 2006 ni seti tatu za pointi 21, tofauti ya pointi mbili, na ikifika 29-29 anayepata ya 30 kachukua. Ikifika 11 wanapumzika dakika moja, na seti ya tatu ikifika 11 wanabadilisha upande.

Hilo la kubadilisha upande mtu wa Mombasa anaweza kulielewa haraka kuliko wengi. Kama umewahi kucheza uwanjani nyumbani kusi ikivuma unajua kinyoya hakina mwenyewe. Ndani ya kumbi kubwa pia kuna upepo, wa zile eesii, na upande mmoja kinyoya kinasukumwa nje, upande mwingine kinarudi. Wajapani wanaoishi kwa kuurefusha mchezo wanausikia upepo huo zaidi ya wapiga smashi, lile pigo la nguvu la kushuka. Ukiona mchezaji kapoteza seti 21-9 alafu kashinda inayofuata 21-12, kabla hujasema amelala ama ameamka, angalia alikuwa upande gani.

Mtindo wao ni miguu. Hawategemei urefu, Yamaguchi ni sentimita 156 tu, wengine wanaocheza naye wanamzidi kichwa kizima. Mwangalie miguu badala ya raketi. Kinyoya kikipigwa kona ya nyuma ya kushoto yeye ashafika, anarudisha juu, anarudi kati, kinaenda kona ya mbele ya kulia, ashafika, na uso unatabasamu kidogo kama mtu aliyeulizwa bei ya nyanya. Mpinzani anapiga smashi mbili tatu nzuri, zote zinarudi, ya nne anaitia nguvu kupita kiasi inatoka nje. Pointi imepatikana bila Yamaguchi kupiga pigo hata moja la kuweka kwenye klipu. Amekuwa bingwa wa dunia 2021 Huelva, 2022 Tokyo mbele ya watu wake, na 2025 Paris, na ile ya Paris alimshinda Chen Yufei wa China kwa seti mbili safi.

Kama unataka kuona mwisho wa subira ya Kijapani tafuta fainali ya dunia ya 2017 Glasgow, Nozomi Okuhara na P. V. Sindhu wa India. Dakika 110. Seti ya pili Sindhu aliichukua 22-20 kwa pointi iliyokuwa na mapigo 73, wote wawili wakabaki wameinama wanatafuta pumzi, na ungedhani Okuhara mdogo yule kaisha. Akachukua ya tatu 22-20. Usiianzie saa nne usiku kama kesho una kazi.

Na kwa dabo, tafuta dakika za mwisho za fainali ya Rio. Takamatsu dhidi ya Wadenmark, Christinna Pedersen na Kamilla Rytter Juhl, warefu, wana nguvu. Seti ya tatu, Denmark 19, Japani 16. Pointi mbili tu wabebe dhahabu. Hapo Matsutomo, yule mdogo wa mbele, anaanza kusogea karibu na wavu zaidi na zaidi, anakatiza kinyoya kabla hakijashuka, moja, mbili, tatu, 19-19, Wadenmark wanaangaliana. Ya nne. Ya tano. Pointi tano mfululizo, 21-19, kwisha. Irudie ukimwangalia Matsutomo peke yake, usimfuate kinyoya. Mimi dabo ya wanawake ndio naona kilele cha badmintoni ya Japani, dabo ya wanaume kwa simu ndogo inapita kasi mno, ingawa Takuro Hoki na Yugo Kobayashi ni mabingwa wa dunia wa 2021 na wanastahili heshima yao.

Singo ya wanaume baada ya Momota wewe mfuate Kodai Naraoka, fedha ya dunia 2023 Copenhagen, alipoteza kwa Kunlavut Vitidsarn wa Thailand kwenye fainali iliyopita dakika mia, na seti ya mwisho miguu ilikataa. Na kwa upande wa wanawake weka jina la Tomoka Miyazaki, kazaliwa 2006, bingwa wa dunia wa vijana 2022. Kumfuata mtu tangu akiwa bado anapoteza kuna utamu wake.

KUANGALIA NA WATU

Kama mnaangalia kwa pamoja, fainali za Asia zinaangukia saa za mahamri na mbaazi, hiyo ni neema, Jumapili asubuhi watu wako nyumbani. Tafuta mahali pana tivii ama mtundike simu ya mtu mmoja kwa waya. Jiandae na maswali. Mzee mmoja wa barazani kwetu alitukuta tumejikunyata kwenye simu kahawa haijachemka.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Hawa Wachina walala saa ngapi?"

"Si Wachina ami, ni Wajapani. Kwao ni mchana sasa."

"Na huyo mfupi ndiye wenu?"

"Ndiye huyo."

"Mbona hapigi?"

"Angoja mwenziwe akosee."

Akakaa. Hakuondoka mpaka seti ya tatu, na sasa yeye ndiye anaulizia droo ya yule mfupi imetoka.

Ukumbini Japani utasikia mashabiki wanapiga vibao vya kelele na kuita "ippon", yaani wanaomba pointi moja tu, hii moja. Ni kilio kizuri kwa timu iliyo nyuma, jaribuni. Kwa mashindano ya timu ndio kinanoga zaidi: Thomas na Uber Cup ni miaka ya shufwa, Sudirman Cup, ya timu za wanaume na wanawake pamoja, miaka ya witiri, na hii Sudirman ndio kidonda cha Japani, fainali 2015, 2019, 2021, zote China wakachukua. Ukiingia ushabiki huu ujue una deni hilo la kungojea.

MWAKA UNAVYOZUNGUKA

Januari Malaysia Open, Super 1000. Machi All England. Katikati ya mwaka Indonesia, Japan Open na China Open, mashindano ya dunia mara nyingi Agosti, isipokuwa mwaka wa Olimpiki hayapo. Oktoba Denmark. Novemba Kumamoto Masters, ya pili kwa Japani, ni Super 500, na huko Kumamoto ndiko iliko timu ya kampuni ya Saishunkan anayochezea Yamaguchi. Kule kwao wachezaji wameajiriwa na kampuni na benki, wana ligi yao, kwa hivyo kuna wiki unamtafuta mtu kwenye ziara ya dunia humuoni kumbe anaichezea kampuni yake nyumbani. Desemba ni fainali za mwaka, wanaingia wanane bora kwa kila aina, na nchi moja haipeleki zaidi ya wawili, ndio utakuta Mjapani wa sita kwa alama anaachwa kwa sababu wenziwe wawili wako juu yake.

Na mwisho wa mwaka pia kuna ubingwa wa Japani yenyewe, wa ndani. Wageni wengi wanaupuuza. Wewe usiupuuze, matokeo yake yanaingia kwenye hesabu za kuchagua timu ya taifa, na hapo ndipo unaona nani kapata mshirika mpya, nani kafunga goti bandeji, mtoto gani wa shule kamtoa dada mkubwa. Andika majina hayo. Droo ya Malaysia Open ikitoka ukayaona tena, utajua tayari ni akina nani, na alamu uiweke kwa kuongeza moja.